Uliza Mjomba: Achilles alipokuwa mtoto

Toleo lililopita tulijibu swali moja tu kuhusu vita ya Troy, mimi nikajua tumemalizana. Wapi bwana! Meseji zimemiminika, na karibu zote zinamuulizia mtu mmoja, Achilles, yule shujaa mkuu wa Wagiriki waliouzingira mji wa Troy, tena sio Achilles wa vitani mnayemjua, ni Achilles mtoto: mamake nani, kalelewa na nani, ile habari ya kisigino ni kweli au ni chai. Nimechagua chache, zinazofanana nimeziunganisha, na kuna moja ndefu mno ambayo kiukweli sikuelewa kinachoulizwa, mwenyewe anisamehe. Haya, twende.

SWALI: Mjomba shikamoo. Mwanangu yuko darasa la tano, kaona klipu kwenye simu ya babake inasema mama wa Achilles alimchovya mtoni akiwa mchanga ili mwili usidhurike, ila kwa sababu alimshika kisigino, pale maji hayakufika, na ndo palipomuua. Sasa mtoto kaniuliza, mama, si angemgeuza tu, amshike mkono halafu amchovye na kile kisigino? Nikakosa jibu. Mungu mzima hakuliwaza hilo? (Mama Darasa la Tano, Dodoma)

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na mwanao mpe hongera, maana swali lake lina akili kuliko stori yenyewe. Mwambie hivi: watu wa zamani kabisa waliosimulia habari za Achilles hawakuwa na huo mto. Iliad, ule utenzi mkubwa wa Homer ambao ndo habari ya zamani zaidi tuliyonayo kuhusu huyu bwana, ulitungwa kwenye karne ya 8 kabla ya Kristo hivi, na ukiusoma wote, sura zake 24, hukuti mto, hukuti kuchovywa, hukuti kisigino. Hamna. Mto wa Styx, yaani mto wa kuzimu, tunaletewa na Statius, mshairi wa Kirumi aliyekufa karibu na mwaka 96 baada ya Kristo huku ameanza utenzi wa maisha ya Achilles na hajafika mbali. Piga mahesabu, miaka 800 na ushee imepita ndo mto unaingia kwenye stori. Na hata Statius hataji kisigino, anamwacha mama ajute tu kwamba laiti angemkinga mwili mzima, basi, wenye kuutaja mguu waziwazi ni waandishi wengine wa Kilatini.

Ila tusidanganyane, mshale wa mguuni wenyewe ni wa zamani. Kulikuwa na chungu cha Kigiriki cha karne ya 6 kabla ya Kristo, chenyewe kilishapotea ila mchoro wake upo, kinamwonyesha Achilles kalala kafa, wenzake na maadui wanagombea maiti, na mshale umepenya kwenye kifundo cha mguu. Kwahiyo kupigwa mguuni watu walikujua mapema, kilichoongezwa baadaye ni sababu, yaani kwanini mguu.

Kwa Homer, Achilles ni mtu wa nyama na damu. Sura ya 21 anakutana na Asteropaeus, jamaa anayetumia mikono yote miwili sawasawa, anarusha mikuki miwili kwa mpigo, mmoja unagonga ngao na mwingine unamparuza Achilles mkono wa kulia, damu nyeusi inaruka. Sasa mtu aliyechovywa Styx damu inamtokaje mkononi? Halafu kuna hili: rafiki yake Patroclus akishauawa, na Hector, shujaa wa Troy, kamvua zile zana alizoazimwa na Achilles, Achilles anakwama kabisa, ana hasira ya kula mtu ila hawezi kuingia vitani mpaka mamake aende kwa Hephaestus, fundi wa miungu, amtengenezee ngao, deraya, kofia na vya kukinga miguu. Kama ngozi haipitishi chuma, deraya ya nini?

Na mimi nasema wazi, stori ya kisigino siipendi. Inamharibu mtu. Achilles wa Homer anajua kabisa akibaki Troy atakufa, mamake kamwambia kwa mdomo wake, na bado anabaki. Ukishampa ngozi ya chuma umemgeuza kuwa mwenye bahati tu, ambaye siku moja bahati ikamwishia.

Sasa kabla ya mto kulikuwa na nini? Moto. Apollonius wa Rhodes, karne ya 3 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba usiku Thetis, huyo mama, alikuwa anamlaza mtoto kwenye moto ili ile sehemu ya kufa aliyotoka nayo kwa baba iungue iishe, mchana anampaka ambrosia, chakula cha miungu, ili mwili usizeeke. Peleus, baba mtu, hajui chochote. Usiku mmoja anashtuka usingizini, anamwona mwanae mdogo anatapatapa kwenye miali ya moto, anapiga yowe. Nani asingepiga? Thetis kusikia vile akamnyakua mtoto akambwaga chini, mtoto analia, yeye akatoka nyumbani kama upepo akajitupa baharini na hakurudi tena. Wagiriki walisimulia jambo kama hilohilo kuhusu Demeter, mungu wa mazao, na mtoto wa mfalme wa Eleusis, yowe na lenyewe lipo, ila kule anayepiga ni mama wa mtoto. Kwahiyo kwenye toleo hili hakuna mtu aliyesahau kisigino, kazi ilikatizwa tu katikati. Kuna na toleo lingine la zamani ambapo Thetis anawatumbukiza watoto kwenye sufuria la maji kupima kama watakufa, wakafa kadhaa, mpaka ilipofika zamu ya Achilles baba akazuia. Hilo usimsimulie wa darasa la tano usiku.

SWALI: Mungu wa kike anaolewaje na binadamu wa kawaida? Miungu wenzake walikuwa wapi? Na huyo Peleus alikuwa na nini cha ajabu? (Mdau, Kahama)

JIBU: Hakuwa na kitu cha ajabu, na Thetis hakumtaka, hilo tuliseme mapema maana watu wanaipamba sana hii ndoa.

Thetis ni binti wa Nereus, mzee wa baharini, mmoja kati ya mabinti 50. Mzuri huyo! Zeus, mkuu wa miungu, anamtaka, Poseidon, mungu wa bahari, anamtaka, ndugu wawili wameshaanza kununiana. Hapo ukatoka utabiri, Pindar, mshairi wa Kigiriki, anasema aliyeutoa ni Themis, mungu wa kike wa sheria, kwamba mtoto wa kiume atakayezaliwa na Thetis atamzidi baba yake nguvu. Sasa kumbuka Zeus mwenyewe alimpindua babake Cronus, na Cronus naye alimpindua babake Uranus, kwahiyo kwenye ile familia utabiri wa namna hiyo walijua vizuri unaishia wapi. Mapenzi yote yakaisha palepale. Wakakubaliana fasta Thetis aozwe binadamu, ili mtoto akimzidi baba basi amzidi baba ambaye atakufa, kiti cha enzi kisiguswe. Nadhani hapo ndo mzizi wote wa Achilles ulipo kuliko kwenye mto wowote: huyu ni mtoto ambaye angekuwa mtawala wa miungu, akazaliwa wa kufa kwa sababu wakubwa waliogopa.

Peleus akaambiwa na Chiron, yule mwenye hekima aliye nusu mtu nusu farasi, mvizie umkamate na usimwachie hata akigeuka nini. Akamkamata, Thetis akageuka moto, akageuka maji, akageuka mnyama, jamaa kang'ang'ania, mpaka akarudi umbo lake. Ndo ndoa hiyo. Miaka mingi baadaye, sura ya 18 ya Iliad, Thetis anamlalamikia Hephaestus kwamba kati ya mabinti wote wa baharini ni yeye peke yake Zeus alimtwisha mume wa kufa, akavumilia bila kupenda, na sasa mume mwenyewe kazeeka kajilaza nyumbani hoi.

Kuhusu Peleus mwenyewe, faili lake lilikuwa limechafuka kweli. Yeye na nduguye Telamon walimuua ndugu yao wa baba mwingine, hapana, baba mmoja mama mwingine, anaitwa Phocus, wakafukuzwa kisiwani Aegina. Akakimbilia Phthia, kule Thessaly, akapokelewa na kutakaswa na Eurytion, akaozwa na binti. Wakaenda pamoja kuwinda yule nguruwe mwitu wa Calydon, mkuki wa Peleus ukampata mkwewe kwa bahati mbaya. Mkimbizi tena! Safari hii Iolcus, kwa mfalme Acastus, na huko mke wa mfalme akampenda, akakataliwa, akaenda kumwongopea mumewe kwamba mgeni kataka kumharibu. Acastus hakutaka mkono wake umuue mtu aliyemtakasa mwenyewe, akatafuta njia ya pembeni: kampeleka kuwinda mlima Pelion, Peleus kachoka kalala, mwenyeji wake akamchukulia upanga akauficha kwenye samadi ya ng'ombe, akamwacha pale peke yake. Basi jamaa anaamka anapapasa upanga hauoni, na wale nusu farasi wakorofi wa mlimani hao wanamjia. Aliyemwokoa ni Chiron, tena akautafuta upanga kwenye samadi mpaka akaupata, akamrudishia. Urafiki wa Chiron na nyumba hii ulianzia pale.

Harusi ikafanyika hukohuko Pelion na miungu karibu wote walikuja. Kuna chungu kikubwa cha mwaka 570 kabla ya Kristo hivi, kiko Florence, Italia, watu wanakiita François, kimechorwa msafara mzima wa wageni wanafika mlangoni kwa bwana harusi. Aliyenyimwa kadi ni Eris, mungu wa ugomvi, na mwisho wake mnaujua, akarusha tunda la dhahabu liwe la aliye mzuri kuliko wote, miungu watatu wa kike wakagombana, Paris, mwana wa mfalme wa Troy, akaitwa kuamua, akaahidiwa Helen, mke wa mfalme wa Kigiriki, na kumchukua huyo ndo kulikoleta vita. Zawadi za harusi zilikuwa nzito: Chiron alileta mkuki wa mti mgumu wa Pelion, Poseidon alileta farasi wawili wasiokufa, Xanthus na Balius. Mkuki huo na farasi hao ndo Achilles aliokwenda nao Troy. Yaani silaha zilitoka kwenye harusi ya wazazi wake, na vita yenyewe ilitoka kwenye harusi hiyohiyo.

SWALI: Mjomba niweke sawa hapa. Kuna mahali nasoma Achilles alilelewa porini na Chiron, kwingine nasoma alilelewa nyumbani na mzee anaitwa Phoenix, kwingine mamake alikuwepo tu. Ipi ndo yenyewe? (Mwanachuo, Mbeya)

JIBU: Zote, inategemea unamuuliza nani. Ila mimi nina upande wangu na nitausema.

Ya Chiron ndo inayopendwa. Thetis kashaondoka, Peleus mwanaume peke yake na mtoto mchanga atafanyaje, akampandisha mlima Pelion kwa rafiki yake. Chiron hakuwa kama wale wenzake walevi wapiga watu, yeye ni mtoto wa Cronus, ndo mwalimu wa Jason na wa Asclepius yule bingwa wa tiba. Apollodorus, mwandishi wa Kigiriki aliyekusanya hizi stori, anasema alimlisha mtoto matumbo ya simba na ya nguruwe mwitu na uboho wa dubu. Maziwa hayatajwi kabisa. Pindar naye anasema akiwa na miaka sita tu alikuwa anaua simba na nguruwe mwitu, anaiburuza mizoga bado inahema mpaka kwa Chiron, na swala anawakamata kwa mbio zake bila mbwa wala mtego, mpaka miungu wa kike Artemis na Athena wakawa wanamshangaa. Miaka sita! Wapwa zangu wa umri huo kumkamata kuku ni kazi.

Ila Chiron hakufundisha kuua tu. Pale jumba la makumbusho la Naples kuna mchoro wa ukutani uliofukuliwa Herculaneum, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, Chiron kakalia makalio yake ya farasi, mkono kamzungushia mtoto na kumwonyesha nyuzi za kinubi, na Achilles mdogo kasimama hana nguo, haangalii kinubi hata kidogo, anamwangalia mwalimu usoni. Mchoraji yule alikuwa ameshawahi kufundisha mtoto, au ameshawahi kufundishwa. Na mafunzo hayo yanarudi kwenye Iliad: wajumbe wanapomfuata Achilles kambini, sura ya 9, wanamkuta anapiga kinubi na kuimba sifa za mashujaa, na sura ya 11 mtu aliyejeruhiwa anamwomba Patroclus ampake dawa ambazo Achilles alifundishwa na Chiron. Kwahiyo Homer alimjua Chiron. Lakini kulea, kulea kwenyewe, Homer kampa mtu mwingine.

Huyo mwingine ndo Phoenix, na hapa naomba uvumilivu maana napenda sana hapa. Phoenix alikuwa mtoto wa kigogo anaitwa Amyntor. Baba kachukua hawara, mama anadharauliwa ndani ya nyumba, mama akamsihi mwanae kila siku alale na yule hawara ili amchukie mzee. Kijana akafanya. Baba akajua, akamwapiza, kwamba yeye Amyntor asije kumpakata kamwe mjukuu atakayetoka kwa Phoenix, na miungu ikaitika, Phoenix hakuzaa. Ndugu wakamlinda ndani usiku tisa, moto unawaka uani na mbele ya mlango wa chumba asitoroke, wa kumi akavunja mlango akaruka ukuta akakimbia mpaka Phthia. Peleus akampokea na kumpenda kama mwanae wa pekee, akampa watu wa kutawala, na akamkabidhi mtoto.

Sasa sikiliza anachomwambia Achilles mtu mzima, Achilles kasusa vita kajifungia kwenye kibanda na hasira zake, wajumbe wengine wameongea kwa ufasaha mpaka wamechoka. Mzee anamkumbusha: ulikuwa hutaki kwenda karamuni na mtu mwingine, nyumbani chakula huli mpaka nikupakate, nikukatie nyama vipande nikulishe wewe kwanza, nikushikie na kikombe cha divai, na mara ngapi umenitemea ile divai kifuani ukanilowesha nguo, utoto huo. Anamalizia kwamba alimfanya mtoto wake kwa sababu alijua hatapata wa kwake.

Huyu ndo muuaji wa Hector tunayeambiwa alikua kwa matumbo ya simba, anakumbushwa alivyokuwa anacheua divai kwenye nguo ya mzee. Ukinilazimisha kuchagua kati ya simba wa Pindar na nguo ya Phoenix, nachukua nguo. Mtu aliyeapizwa asizae, mapaja yake yakapata mtoto wa kukalia, na mtoto mwenyewe ndo huyo!

Na mama? Kwa Homer mama hakukimbia. Achilles anamwambia Thetis sura ya 1 kwamba nimekusikia mara nyingi nyumbani kwa baba ukijisifia jinsi ulivyomwokoa Zeus, na akiondoka kwenda Troy mama ndo aliyempakilia kwenye meli sanduku zuri lililojaa nguo, makoti ya kuzuia upepo na mazulia mazito. Mama yeyote wa mtoto anayeenda bweni analijua hilo sanduku. Kwahiyo hesabu yake ni hii: kwa Homer ni mtoto wa nyumba yenye baba, mama na mlezi, na mwalimu wa tiba mlimani, halafu waliofuata ndo wakaanza kumtoa mama na kumhamishia mtoto porini, maana shujaa asiye na mama ananoga zaidi kusimulia.

SWALI: Eti alifichwa akivaa magauni? Mbona sijawahi kusikia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndio, ila Homer hayumo. Kwa Apollodorus, Achilles alipofika miaka tisa mtabiri Calchas alisema Troy haianguki bila yeye, mama akijua akienda harudi akamvika kisichana akampeleka kisiwani Skyros kwa mfalme Lycomedes akae na mabinti zake. Odysseus, yule mjanja wa wakuu wa Wagiriki, akaja kumtafuta. Statius na Hyginus, mwandishi mwingine wa Kilatini, wana ile mbinu maarufu: vinatandazwa vito na mapambo ya wanawake, katikati inawekwa ngao na mkuki, tarumbeta ya hatari inapigwa ghafla, mabinti wanakimbia na mmoja anakamata silaha. Warumi walilipenda tukio hilo kupita kiasi, lipo Pompeii ukutani, lipo Zeugma kule Uturuki kwenye sakafu ya vijiwe vya rangi. Huko Skyros ndo alipompata mwanae Neoptolemus kwa Deidamia binti wa mfalme, na wanaosimulia kama mapenzi matamu wamsome Statius vizuri, anasema alimlazimisha.

Kwa Homer wala hakufichwa. Nestor, mzee mmoja wa wakuu wa Wagiriki, anakumbuka sura ya 11: yeye na Odysseus wamefika Phthia kukusanya vijana, mzee Peleus yuko uani anachoma mapaja ya ng'ombe kwa Zeus na kikombe cha dhahabu mkononi, Achilles na Patroclus wanahangaika na nyama, wageni wakasimama mlangoni. Achilles akaruka juu kwa mshangao, akawashika mkono akawaingiza ndani, akawakalisha, akawaletea cha mgeni. Ulezi unaonekana hapo. Peleus akamwambia mwanae awe bora siku zote kuwazidi wengine, nao wakaondoka wote.

SWALI: Patroclus ni binamu yake au sio? Kwenye muvi walisema binamu. (Mpenda muvi, Nakuru)

JIBU: Ile ya 2004 ya Brad Pitt iliwafanya binamu, kweli. Homer haongelei ubinamu. Patroclus alitoka Opus, akiwa mdogo aligombana na mwenzie kwenye mchezo wa vifupa, vile vifupa vya miguu ya kondoo walivyokuwa wanarusha kama dadu, akamuua bila kukusudia. Babake Menoetius akamleta kwa Peleus, wakakuzwa pamoja, na Patroclus ndo mkubwa kiumri, watu wengi wanamfanya mdogo. Angalia na nyumba ya Peleus jamani: baba mwenyewe aliua akakimbia, Phoenix kakimbia laana, Patroclus kaua kakimbia. Achilles kakulia kwenye nyumba ya wakimbizi na hakuna aliyefukuzwa.

SWALI: Mjomba, Fumo Liyongo wetu si ndo Achilles kabisa? Chuma hakimwingii, mpaka kitovuni. (Mtu wa Lamu)

JIBU: Wanafanana ile sehemu moja. Ila Liyongo siri aliitoa mwenyewe kwa mwanae, na mwanae huyohuyo ndo aliyemchoma kwa sindano ya shaba akiwa amelala, wakati Achilles aliuawa na adui, Paris, akisaidiwa na mungu Apollo. Cha Liyongo kinauma zaidi, kwa maoni yangu. Na Wajerumani nao wana Siegfried aliyeoga damu ya joka, jani likadondokea katikati ya mabega. Sehemu moja laini kwenye mwili mgumu ni wazo lililowajia watu wengi, sioni haja ya kusema nani kamwibia nani.

SWALI: Alikuwa na miaka mingapi alipoenda vitani? Nimepiga hesabu haziingii, kama alikuwa kijana mdogo na vita ni miaka 10, mwanae Neoptolemus kapiganaje vita hiyohiyo? (Mwalimu wa hesabu, Singida)

JIBU: Zinaingia mwalimu, ila lazima ujue kuna safari mbili. Apollodorus anasema Achilles aliongoza meli akiwa na miaka 15. Safari ile ya kwanza walikosea njia, wakashuka Mysia wakadhani ni Troy, wakapigana na watu wasiohusika, wakarudi makwao wametawanyika. Ikapita miaka minane ndo wakakusanyika upya Aulis, halafu miaka 10 ya kuzingira Troy. Hata Helen kwenye sura ya mwisho ya Iliad anasema huu ni mwaka wa 20 tangu atoke kwao. Kwahiyo 15, ongeza 8, ongeza 10, Achilles anakufa ana miaka kama 33. Neoptolemus kazaliwa karibu na ile safari ya kwanza, baba anakufa kijana ana kama 18, umri wa kushika mkuki kabisa. Aliyetumwa Skyros kumchukua ni Odysseus tena, na safari hii hakuhitaji tarumbeta.